Sura Iliyokataa Rangi

Kilichonitoa kazini ni bibi harusi wa buluu.

Nilikuwa nimekaa mbele ya ordinateri, kompyuta yangu, hapa Kasongo, dirisha limefungwa nusu kama ninavyopenda, nikimsafisha yule binti polepole kwenye foto yake: paji la uso, mashavu, shingo. Niliridhika. Nikajisemea, Feza, mkono wako bado uko. Mtoto wa dada yangu akapita nyuma ya kiti na sufuria mkononi, akasimama.

"Mama mukubwa, juu ya nini umemupaka buluu?"

Mimi sikuona buluu. Niliona bibi harusi. Munganga wa macho aliponimulika alisema mtoto wa jicho ameingia pande zote mbili, kwamba sasa ninautazama ulimwengu kupitia glasi ya chai. Kila foto ninaiona ina manjano, basi ninaitia buluu, na kumbe manjano yenyewe iko ndani ya jicho langu. Nilicheka mpaka yeye akacheka. Kisha nikaenda kufunga studio.

Kwa hiyo ninyi vijana mlioshika kazi hii, mnaozunguka na mashine ya foto shingoni kwenye ndoa na ubatizo kutoka hapa mpaka Kabambare, msikilizeni mtu ambaye macho yake yamemdanganya mchana kweupe. Nitawapa machache ninayoyajua kuhusu rangi. Na nitawaeleza habari ya Odile wa Wamaza, maana mmenisumbua sana niiseme, na barabarani inasemwa vibaya. Wengine wanasema nilipiga foto ya maiti iliyosimama. Sikupiga maiti. Lakini siwezi kusema sikuogopa.

Tuanze na sombe, majani yetu ya muhogo.

Foto inayotoka kwenye simu yako ni sombe iliyokwisha kupikwa. Unaweza kuongeza chumvi kidogo juu, lakini mawese yaliyomo huyatoi tena. Faili mbichi, ile nzito inayojaza kadi haraka, ni majani yenyewe, yametwangwa tu, hayajaona moto. Ukiyatazama hayana sura ya chakula. Lazima apatikane mpishi. Mpishi huyo ndiye tunamwita profili ya rangi: ni yeye anayeamua nyekundu ya mashine hii itakuwa nyekundu ya namna gani kwenye kioo cha ordinateri, ngozi itakwenda upande wa mawese au upande wa karanga, weusi utakuwa mzito au utaachia vitu vilivyomo vionekane. Majani ni yale yale. Mpishi akibadilika, unaapa ni chungu kingine.

Viwanda vinakuletea wapishi wao ndani ya mashine. Mmoja wa sura za watu, mmoja wa mashamba na mbingu, mmoja baridi asiyetia hata chumvi. Wengi wao hawajawahi kumpikia mtu mwenye ngozi yangu. Mpishi wa mashamba akikupika wewe, anakutoa mwekundu kama tofali. Yule baridi, usipomwongoza, anakutoa majivu. Kijana asiyejua hili anaanza kuvuta vitufe vya rangi kushoto na kulia, anashinda kutwa nzima akipigana na mpishi, wakati angemfukuza tu akaajiri mwingine.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Nilipopata mashine mpya, programu yangu ilikuwa ya zamani, haijui ile mashine ni ya nani. Ikafungua mafaili kwa kubahatisha. Nilikuwa nimepiga familia ya mama mmoja mfanyabiashara wa Salamabila, mama mnene, mcheshi, mwenye meno ya dhahabu mbele. Alikuja studio kabla sijamaliza, akainama kwenye kioo kuwaona watu wake. Wote walikuwa kijani ya ukungu, midomo kama nta. Akawatazama mmoja mmoja. Mwisho akaniuliza polepole:

"Mama Feza, hawa watu wangu uliwapiga foto, ao uliwafukua?"

Tangu siku hiyo nilitafuta kadi ya viraba vya rangi. Mnaijua: kibao kidogo chenye viraba vyekundu, vya kijani, vya buluu, vya rangi za ngozi, na mstari wa kijivu. Unamshikisha mtu mmoja mwanzoni, mahali pale pale, kwa mwanga ule ule, unapiga. Nyumbani programu inavisoma viraba, inajua mashine yako inakosea wapi, inakutengenezea profili yako mwenyewe. Mimi nilizipa majina ya mahali. Nilikuwa na "Kasongo kivuli". Nilikuwa na "Salamabila vumbi", maana kule ardhi nyekundu inarudisha mwanga kutoka chini, na kila mtu anapata kidevu cha kutu. Nilikuwa na "Lusangi masika". Msiitumie ya mahali pamoja kwa mahali pengine mkidhani Mungu hataona.

Na msirekebishe rangi mkiwa mmevaa shati jekundu, linarudi kwenye kioo. Msirekebishe karibu na pazia la buluu. Kila mara ondoka, tazama ukuta mtupu, tazama mkono wako mwenyewe, rudi. Jicho linazoea haraka sana. Ukilikalisha na uwongo kwa muda mfupi tu, linauita ukweli.

Hilo la mwisho si langu, ni la Papa Alimasi, aliyenifundisha kazi enzi za filamu. Msidhani alikuwa mtu wa hekima nyingi. Alikuwa mgomvi. Aligombana na wateja, aligombana na redio, aliwahi kumfukuza bwana harusi kwa sababu ya marashi. Lakini kila filamu mpya aliianza kwa kupiga sahani nyeupe ya bati, na akichapa foto alianza na ile sahani mpaka iwe nyeupe kweli, ndipo aende kwa watu. Alikuwa anatengeneza profili kabla sijasikia hilo neno.

Neno lake moja sikulielewa miaka yote niliyokuwa naye. Alikuwa akisema, "Sura yenye kukataa rangi, usiisukume. Enda ukaione." Nilimuuliza maana yake. Alinitazama kama nimeuliza bei ya jua. "Enda ukaione," alirudia, akaendelea kugombana na redio. Nililiweka pamoja na maneno yake mengine ya ajabu, kama lile la kutompiga foto mtu anayekula ndizi.

Sasa Odile.

Wazazi wake, Papa Lukasi na Mama Anyesi, ni wakulima wa Wamaza, watu wa kanisa, wa siku nyingi pale. Walikuwa wanafanya jubile ya ndoa yao, na wakaniita. Odile ndiye binti yao wa kwanza. Nilimjua vizuri, maana ndoa yake pia niliipiga mimi, kule Lusangi. Aliolewa na kijana aitwaye Bahati, mtu wa upande wa Kivu, kreseri, mchimba dhahabu wa Salamabila. Bahati akiwa mashimoni, Odile alikaa kwa wazazi wake kulima nao. Dada mrefu, mwenye kicheko cha kukatisha mazungumzo ya watu.

Siku ya jubile ilikuwa nzuri. Misa asubuhi, chakula, ngoma. Mabinti wote wa nyumba walikuwa wamevaa kikwembe kimoja, kitenge cha rangi ya chungwa chenye majani ya kijani. Odile alikuwa anapita na sahani, anacheka, amejipaka poda na midomo yake imepakwa vizuri. Sikuona kitu. Nasema hivi mara ya pili ili mnielewe: nilikuwa pale, nimesimama naye karibu kama nilivyo na meza hii, ninalipwa kwa sababu ya macho yangu, na sikuona kitu.

Alasiri niliwapanga kwenye kivuli cha nyumba. Papa Lukasi akashika kadi ya viraba, akaishika kama hati ya ubatizo, wote wakamcheka. Nikapiga kadi. Nikapiga familia. Nikasema kama ninavyosema siku zote, "Angalieni huku, wote huku kwangu!" Wakaangalia. Nikafunga mashine, kesho yake piki-piki ikanirudisha Kasongo.

Nilifungua yale mafaili mchana, jua limesimama juu ya mabati, mtaa wote umelala baada ya chakula. Pano ya jua, sola yangu, ilikuwa imejaza betri vizuri. Mwanzoni programu iliniwekea mpishi wake wa kawaida, wote wakatoka na umajivu umajivu, kama mjuavyo. Sikujali. Nikatengeneza profili kutoka kwenye kadi ya Papa Lukasi, nikaipa jina "Wamaza jubile", nikabonyeza.

Damu ikarudi. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii, vijana, naikosa mpaka leo: unabonyeza, na watu wanaamka. Papa Lukasi akaamka. Mama Anyesi akaamka. Mabinti, wakwe, wajukuu, mstari mzima ukawaka kama nyumba za kijiji taa zinapowashwa moja baada ya nyingine.

Nyumba moja haikuwaka.

Odile alikuwa katikati ya wadogo zake, anacheka, na sura yake ilikuwa ya majivu. Si weusi, si weupe. Rangi ya jiwe la kusagia. Kwenye midomo, pembeni pale rangi ya kupaka ilipoishia, palikuwa kama karatasi.

Nilifikiri kivuli. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama bega kwa bega naye, kivuli kile kile, na shavu lake lilikuwa la moto. Nikafikiri poda. Nikaangalia mikono: mkono wake kwenye bega la mama yake, kucha zake, zote majivu, na mikono haikupakwa poda. Nikafikiri mashine imeharibika mahali pale. Ndipo nikatazama kikwembe. Chungwa ya kikwembe chake na chungwa ya vikwembe vya wadogo zake ilikuwa moja, kabisa kabisa. Nikaipima kwa programu, ikanipa namba zile zile. Mashine haiwezi kupatia kikwembe ikakosea shingo inayotoka juu yake.

Nikambadilishia wapishi wote. Wa sura za watu, wa mashamba, wa baridi. "Kasongo kivuli". "Salamabila vumbi". Kila mmoja aliwageuza wote, huyu akiwapeleka kwenye wekundu, huyu kwenye manjano, na kila mara yeye alibaki nyuma yao kidogo, kama mtu anayetembea na wenzake lakini hawasikii.

Nikatafuta mafaili ya ndoa yake ya Lusangi. Mashine ile ile, kadi ile ile. Odile wa siku hiyo alijaa kioo kwa rangi, shavu kama chungu kipya. Nikawaweka wawili sambamba. Halafu nikafanya jambo ambalo natamani nisingelifanya peke yangu mle chumbani. Nilizipanga foto zote za jubile kuanzia misa ya asubuhi mpaka alasiri, nikachagua zile alizomo, nikazipitisha haraka moja baada ya nyingine. Nilimwona akitoka. Sijui niseme namna gani nyingine. Anacheka kanisani, anacheka na sahani, anacheka ngomani, na katika kila foto rangi imeshuka kidogo, kama maji yanayonyonywa na mchanga. Anacheka, na anatoka.

Niliinuka nikafungua dirisha lote. Nje hapakuwa na mtu. Kuku mmoja alikuwa amelala vumbini, bawa limefunguka.

Mnisikilize vizuri hapa. Ni rahisi kabisa kumtengeneza. Unachora duara kwenye sura, unatia joto, unaongeza wekundu kidogo kwenye midomo, basi, foto iko tayari, familia itafurahi. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kipanya. Nilikuwa nimeshaanza, shavu la kushoto limeanza kupata uhai wa kupaka, ndipo nikasikia lile neno la Papa Alimasi, na safari hii likawa na maana yote.

Nikaifuta ile rangi. Nikatafuta simu.

Kule Wamaza mtandao unaupata ukipanda kilima, na mwenye simu alikuwa Simoni, mdogo wake Papa Lukasi. Kwa bahati njema alikuwa huko juu, akapokea. Nikamsalimu, nikauliza wazazi, nikauliza mashamba. Kisha nikasema:

"Na Odile, iko salama?"

Upepo wa kilimani ukavuma kwenye simu.

"Juu ya nini unauliza Odile peke yake?"

"Nauliza tu, baba Simoni. Niliona kama alichoka."

"Odile iko muzima, iko anatwanga. Mama, wee umeona nini mu ile mashini?"

"Hakuna."

"Umeona kitu."

Mtandao ukakatika, au aliukata yeye.

Mnajua kwetu. Mgeni akimtaja mtu mmoja kati ya wengi, na yule mtu akapatwa na neno, watu hawatauliza neno lilitoka wapi. Watauliza mgeni alijuaje. Nilijua nikienda nitakuwa nimejitia kwenye moto kwa miguu yangu. Nikatafuta piki-piki asubuhi yake.

Njia ilikuwa mbovu, mvua ilikuwa imenyesha. Ordinateri nilikuwa nimeifunga kwa plastiki, nimeibeba kifuani. Nakumbuka niliomba njia nzima, na nilichoomba ni kitu cha ajabu: niliomba nikute nimekosea. Niliomba mashine yangu iwe imekufa.

Tulipofika uwanja ulikuwa umejaa watu wasiokuwa na kazi pale. Watoto walikuwa wameitwa ndani, niliona macho yao kwenye nyufa za mlango. Hakuna aliyesema karibu. Simoni alikuwa amesimama mbele ya nyumba, mikono nyuma.

"Umekuja kumumaliza?" aliniuliza.

Nikasema, "Nimekuja kusalimia. Naomba maji."

Mama Anyesi ndiye aliyeniletea maji, kwa mikono miwili, akanitazama machoni. Mpaka leo namheshimu kwa yale maji. Nikanywa, nikamrudishia kikombe, nikasema, "Mama, naomba nimusalimie Odile." Foto sikuitoa. Kama ningefungua ile ordinateri pale uwanjani, na wakamwona binti yao wa majivu katikati ya ndugu zake walio hai, sijui kama ningetoka.

Odile akatoka jikoni. Amejipaka poda. Anacheka. "Mama Feza! Umetuletea foto?" Akavuka uwanja wote bila kushika kitu, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, na nawaapia, alikuwa mzuri. Alikuwa na rangi. Jua la uwanja mwekundu lilikuwa linampaka joto kutoka chini, na macho yangu yalimpenda, yakamwongezea yaliyobaki. Nilijiona mpumbavu. Nilijiona mchawi pia, kama walivyoniona wao.

Kisha akanipa mkono kunisalimia, na mkono ulikuwa baridi kama samaki.

Sikuuachia. Nikaugeuza kiganja juu. Nikasema, "Mama Anyesi, weka mukono yako hapa, karibu na ya mutoto wako." Aliweka. Kiganja cha mama, mzee, kimechoka na jembe, kilikuwa chekundu cha udongo. Kiganja cha binti kilikuwa kama unga.

Mama alichukua ncha ya kikwembe chake, akailowesha kwa maji yaliyobaki kwenye kikombe, akamfuta mwanawe uso, kama unavyomfuta mtoto aliyemaliza kula. Akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani palipaswa kuwa na nyama nyekundu. Palikuwa na weupe.

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Simoni akapiga kelele, "Si niliwaambia! Ile mashini yake imekunywa damu ya mutoto! Imekunywa damu!" Mtu nyuma yangu alishika plastiki ya ordinateri. Nikasikia inachanika.

"Mwache," alisema Odile.

Hakupaza sauti. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni, na bila kicheko alionekana kama mtu aliyekuja kutoka mbali sana.

"Baba mudogo, mwache. Mashini haikukunywa kitu. Damu inatoka. Inatoka tangu mimba iliharibika, haijakatika."

"Mimba gani?" mama yake aliuliza.

"Nilinyamaza. Ile ya mwanzo ilipotoka, mulisikia vile watu walisema. Na sasa ilikuwa siku ya baba na mama. Nilisema, jubile ipite kwanza."

Akataka kuinuka. Alipoinuka aliendelea kwenda, mbele, taratibu, kama kikwembe kinachoanguka kutoka kwenye kamba, na Simoni ndiye aliyemdaka.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka, na siwezi kuyasema vizuri kwa sababu nilikuwa nyuma. Dereva wangu alimchukua, Odile katikati, mama yake nyuma akimkumbatia, wamefungwa pamoja kwa kikwembe ili asianguke. Kwenye kituo cha afya walimtia dripu, wakasema damu ya kumwongezea haipo pale, mpelekeni Kasongo. Simoni alitafuta piki-piki ya pili akawafuata. Mimi nilibaki nimekaa pale uwanjani na Papa Lukasi, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenisemesha. Papa Lukasi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mabaya kwa mazuri, anarudia yale yale.

Kule Kasongo walimsafisha tumbo na wakatafuta damu. Walipimwa waliokuwepo. Ya mama haikufaa. Ya Simoni ilifaa. Wanasema alinyoosha mkono akageuza uso ukutani, na hakuutoa ukutani mpaka mfuko ulipojaa. Halafu akauliza kama wanaweza kuchukua tena. Nilipofika hospitalini nilimkuta barazani na pamba imebandikwa mkononi. Tulitazamana. Akasogea kwenye benchi, nikakaa. Hatukuzungumza habari ya mashine, si siku ile wala nyingine. Ila plastiki mpya ya ordinateri alininunulia yeye.

Odile aliishi. Nasema mapema kwa wale waliosikia vingine barabarani. Bahati alikuja kutoka Salamabila na vumbi la shimo kwenye nywele, akakaa chini kando ya kitanda mpaka Odile aliporuhusiwa. Nilikwenda kumwona asubuhi moja, na nitawaambia kama fundi kwa mafundi: mwanga wa dirisha ulikuwa unampiga upande mmoja, na nilikaa pale nikitazama midomo yake ikirudi, kidogo, kama "Wamaza jubile" inavyofanya, isipokuwa hapakuwa na mtu aliyebonyeza.

Alipopata nguvu alikuja studio. Alitaka kuiona. Nilijaribu kumkatalia, akavuta kiti akaketi. Basi nikamfungulia. Alijitazama muda mrefu. Aliniomba nimwonyeshe wapishi wote, nikabadilisha mmoja mmoja, na wote wakageuka na yeye hakugeuka.

"Nikutengeneze?" nilimuuliza. "Ni kazi ndogo. Hakuna atakayejua."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nizime kioo.

"Mama Feza, ile saa ulisema angalieni huku, mi sikukuona. Macho ilikuwa imeisha kuingia giza. Niliona weusi tu. Nilisikia sauti yako, nikageuza uso kule sauti inatokea, nikacheka."

Ndiyo hivyo nilivyompiga. Sasa mnaelewa kwa nini nawagombeza juu ya hizi simu zenu zinazompaka kila mtu uzima kabla hamjamtazama. Tieni joto mkipenda, ng'arisheni, ni biashara, wateja wanataka uzuri na mimi niliwauzia uzuri maisha yangu yote. Lakini kwanza tengeneza profili ya kweli, ya mahali pale, ya mwanga ule, uione foto ilivyo. Baada ya hapo ndipo uamue utadanganya kiasi gani.

Ile foto Mama Anyesi aliitaka vilevile ilivyo. Nilimchapia kubwa. Ameitundika kule Wamaza, ukutani, mahali kila mgeni akiketi inamwangalia. Na kila mgeni, lazima, baada ya salamu, macho yake yanakwenda pale katikati ya mabinti wa chungwa, yanasimama. Anateremsha sauti. Anauliza, kwa heshima, yule marehemu alikuwa nani wao.

"Ule ni Odile," Mama Anyesi anamjibu. "Iko ku jiko. Ngoja nimwite akuletee maji."